Ekari Arobaini za Tha Dun

Devakottai, India, 12 Januari 1931

Kwa Nachiappan, wakala wetu, Pyapon, Burma.

Nimepata barua yako ya mwisho wa mwaka. Mwandiko wako unazidi kupendeza, ila habari ulizoziandika kwa mwandiko huo ni mbaya. Unasema bei ya mpunga imeanguka nusu nzima na wakulima wanakuomba uwangoje. Na mimi nani atakayeningoja? Fedha ninazowakopesha hao watu nami nimezikopa benki, na benki imenipandishia riba mwezi huu bila hata kuniuliza nimeamkaje.

Kwa hiyo fanya hivi. Kuanzia tarehe mosi Machi, wadaiwa wetu wote, wa zamani na wapya, watalipa rupia mbili kwa kila mia kwa mwezi, badala ya moja na robo. Usiniandikie kwamba walikopa kwa kiwango kingine. Kila hati yetu ina mstari chini kabisa, niliuweka mwenyewe: mkopeshaji aweza kubadili riba wakati wowote apendapo. Miaka yote hii hatukuutumia. Sasa tunautumia.

Na nisije nikaambiwa nina upendeleo: zile rupia mia nane nilizokukopesha wewe kumwozea dada yako nazo zitaingia katika kiwango hicho hicho. Sioni kwa nini mtu wa nyumbani alipe kidogo kuliko mgeni.

Binti yangu anaolewa mwezi wa sita. Mkeo tumemwita aje asaidie jikoni. Ana mikono myepesi.

Vairavan Chettiar


Pyapon, 3 Februari 1931

Tajiri wangu,

Nakuamkia wewe na nyumba yako yote. Nimewaita wadaiwa ofisini nikawasomea kiwango kipya. Hakuna aliyepiga kelele. Walikaa barazani wakitafuna tambuu, kisha mmoja wao akauliza, "Mbili kwa mia, hata kwa ile pesa tuliyokwisha kula?" Nikasema ndiyo. Akawageukia wenzake, "Jamani, kumbe tuliila ikiwa mbichi, sasa ndiyo inatuuma tumbo." Wakacheka wote, wakaondoka. Sikukipenda kicheko kile.

Hao nitawabana, usiwe na wasiwasi. Ila nina ombi moja, na tangu nije huku sijawahi kuomba. Yuko mkulima anaitwa Tha Dun, mwenye ekari arobaini karibu na mdomo wa mto, mahali bahari inapoanza. Deni lake ni rupia elfu moja na mia tano. Mawakala wawili walionitangulia waliandika kwamba hajachelewa hata siku moja, nami naandika hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza, homa iliponiangusha na mpishi akakimbia akidhani nitamfia mikononi, Tha Dun alinichukua kwake akanilaza siku kumi na moja. Mkewe, Ma Hnin, alinunua chungu kipya cha kunipikia, kwa sababu vyungu vyao vyote vimepikiwa samaki, naye alijua mimi sili. Kiburma changu chote nimefundishwa na mtu huyu, na mpaka leo nikikisema ananicheka.

Kwa riba ya zamani, hata mpunga ukiwa na bei hii, Tha Dun analipa. Kwa hii mpya itambidi auze maksai, na bila maksai hatalima. Tafadhali tumwache huyu mmoja palepale alipo. Kuhusu deni langu mimi, fanya uonavyo haki.

Mtumishi wako,
Nachiappan


Devakottai, 20 Februari 1931

Baba Valli,

Salamu. Mimi mzima, Valli mzima, meno mawili ya mbele yameng'oka na anaona aibu kucheka.

Sijui umemwandikia nini tajiri. Mpaka wiki iliyopita nilikuwa naenda nyumba kubwa ya tajiri kama ndugu: nakaa na wanawake wengine, tunasokota chakri, vitafunio vya harusi, tunaongea. Barua yako ilipofika, bibi mkubwa alikuja jikoni na kusimama mbele yangu. Akasema mbele ya watu, "Sigappi, kumbe mumeo huko Burma amekuwa sadhu, mtawa asiyetaka mali. Anagawa mali zetu." Wote wakacheka. Kisha akasema, "Wewe hamia kule nyuma." Kule nyuma ndiko wanakokaa waosha vyombo. Sasa ninaosha masufuria makubwa ya shaba, yale yanayohitaji watu wawili, nayasugua kwa majivu peke yangu.

Leo Valli alinifuata. Mtoto wa tajiri akamuuliza, "Mama yako ni mfanyakazi wetu?" Valli akasema siyo. Akamwambia, "Basi kwa nini ananuka majivu?"

Chochote ulichokiandika, kifute. Muhula wako wa miaka mitatu unakwisha mwaka huu, umebakiza kidogo tu. Rudi na heshima yako na yangu.

Sigappi


Devakottai, 1 Machi 1931

Nachiappan,

Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu chungu. Chungu huko kinauzwa bei gani? Mlipe mwanamke huyo, ushukuru, mmalizane.

Sikiliza sasa. Mtu asiyechelewa hata siku moja ndiye mwenye ardhi nzuri kuliko wote. Hukuliona hilo kwa sababu ulikuwa umelala kwake ukinyweshwa uji. Sitaki alipe. Naitaka ardhi yake. Mpunga utapanda bei siku moja, na siku hiyo nataka ekari hizo arobaini ziwe zangu.

Nipatie kabla mvua hazijaanza, na deni lako la mia nane litarudi kwenye riba ya zamani, na mwisho wa mwaka utapanda meli kuja nyumbani. Ukishindwa, yuko kijana wa shangazi yangu anayeitaka kazi hiyo. Utarudi ukiwa na deni, riba ya mbili kwa mia, bila kazi, na mkeo ataendelea kuosha masufuria. Nasikia anaosha vizuri.

Mwishoni mwa barua yako ulisema nifanye nionavyo haki. Nimefanya.

Vairavan Chettiar


Kijijini, 20 Machi 1931

Nachi, mdogo wangu,

Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, maana najua unavyosoma Kiburma: kama mtu mnene anayevuka daraja la mianzi. Vuka taratibu, nitakungoja upande wa pili.

Karani wako alinipa karatasi ya riba mpya. Nilidhani amenipa ya mtu mwingine. Nikamwambia, "Wee, hii si yangu, ya kwangu ni moja na robo." Akasema, "Ilikuwa." Basi nikachukua hati yangu nikaipeleka monasteri kwa mtawa anayejua Kiingereza. Akaisoma yote, akafika chini, akaurudia mstari wa mwisho. Nikamuuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Hapa mkopeshaji anaweza kufanya apendavyo."

Nachi, mwaka juzi tulipoiandika upya hati hii wewe ndiye uliyenisomea. Ulisoma vizuri, ulifika chini, ukasema, "Na mengineyo ya kawaida," ukanipa kalamu. Sikulaumu. Nataka tu kujua kama na wewe uliyaona ni ya kawaida.

Nimekwenda kwa mkopeshaji mwingine mjini nihamishe deni. Amenicheka. Kasema mwaka huu hakuna anayenunua deni la mpunga hata kwa bei ya maganda. Nimehesabu na Ma Hnin: tukiuza maksai wawili tunalipa mwaka huu, mwakani tunavuta plau kwa mabega. Ma Hnin anasema yeye atashika nafasi ya yule maksai mvivu na mimi nishike ya yule mwerevu. Nilicheka, halafu nikaona hacheki.

Wewe ni mtu wao lakini umekula kwangu. Mwambie tajiri wako neno. Au niambie mimi la kufanya, nitalifanya.

Kaka yako,
Tha Dun


Pyapon, 23 Machi 1931

Kaka Tha Dun,

Nimevuka daraja lote, sikuanguka. Usiuze maksai.

Nimemwandikia tajiri juu yako na nimepata njia. Tutaifuta hati ya zamani, ile yenye mstari wa chini, na tutaandika mpya. Humo riba yako itakuwa moja na robo na haitapanda tena maisha yako yote. Tajiri hapendi wadaiwa wengine wajue, kwa hiyo usimwambie mtu, wala mtawa usimwonyeshe, maana watawa nao wana midomo. Njoo ofisini Jumatano asubuhi, tuende pamoja kwa msajili. Hati itakuwa ya Kiingereza, kama zote. Nitakusomea kila neno, mpaka chini kabisa.

Msalimie Ma Hnin. Mwambie asijifunge nira bado.

Mdogo wako,
Nachi


Pyapon, 9 Aprili 1931

Tajiri wangu,

Ekari arobaini za Tha Dun ni zako. Hati ya mauzo imesajiliwa, nimeiambatanisha. Ardhi imehesabiwa kuwa malipo kamili ya deni lake, naye hadai kitu zaidi. Mimi naikadiria kuwa ni ya rupia elfu mbili na mia nne hata kwa bei hizi mbaya, kwa hiyo umepata faida.

Ilikuwa hivi. Alikuja amevaa nguo ya sikukuu. Mkewe alinitumia maembe kumi na mawili, yamefungwa kwa majani. Mbele ya msajili niliishika hati na kumsomea kwa Kiburma, kifungu kwa kifungu, yale niliyomwahidi kwamba yamo. Msajili ni Mwingereza mgeni, hakuelewa nilichosema. Nilipofika chini, Tha Dun aliniuliza, "Hapo pana nini?" Nikasema, "Hapo pana jina lako." Akatia sahihi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema sasa nimejua Kiburma.

Nilidhani usiku ule nisingelala. Nililala. Jambo lenyewe halikuwa gumu, tajiri, kama nilivyoogopa. Ugumu wote ulikuwa kabla.

Wapo wengine wawili upande uleule wa mto wenye ardhi inayopakana na hiyo. Nao wananiamini. Nikipewa ruhusa nitawafanyia vivyo hivyo.

Umesema deni langu litarudi kwenye riba ya zamani. Naomba uliandike jambo hilo kwenye karatasi.

Mtumishi wako,
Nachiappan


Kijijini, 2 Juni 1931

Nachi,

Jana nilikuwa shambani na maksai, mvua ya kwanza imelainisha udongo vizuri. Akaja mpima ardhi na mnyororo wake na watu wanne, wakaanza kupigilia vigingi. Nikamwita, "Bwana, umepotea, shamba la serikali liko ng'ambo." Akasema, "Hapa ni kwa Vairavan Chettiar." Nikacheka. Nikamwambia, "Huyo ananidai tu, shamba ni langu." Akanionyesha karatasi. Sahihi ilikuwa yangu, tena nzuri, niliiandika taratibu siku ile kwa sababu nilikuwa na furaha.

Leo nimekuja ofisini kwako. Mpishi amesema umesafiri kwenda Rangoon. Mlango wa chumba chako haufiki sakafuni, Nachi. Niliiona miguu yako. Nimekaa barazani mpaka jua likageuka, nikiiangalia miguu ile, nayo haikusogea. Nilifikiri: atachoka, atatoka, atasema kuna makosa. Kisha nikaanza kukuonea haya, nikaondoka.

Lile tuta linalozuia maji ya chumvi tulilijenga baba yangu na mimi, miaka mitano, kwa vikapu. Kabla ya hapo palikuwa matope ya kaa. Benki yako, tajiri wako, wewe, hakuna aliyebeba hata kikapu kimoja.

Ma Hnin hajapika tangu jana. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa na kuku.

Wachukue maksai. Chukua na nyumba. Niandikie ile hati uliyonisomea. Nakumbuka kila neno, naweza kukusomea mimi ukaandika wewe. Njoo tu uniangalie usoni useme ni makosa, hata kama si makosa, tutaanzia hapo.

Tha Dun


Pyapon, 6 Juni 1931

Kwa Tha Dun, mpangaji.

Ardhi yenye ekari arobaini uliyoiuza kwa hiari mbele ya msajili tarehe 25 Machi ni mali ya Vairavan Chettiar. Ukitaka kuendelea kuilima, unaruhusiwa kama mpangaji. Kodi ni nusu ya mavuno, mbegu juu yako, utunzaji wa tuta juu yako. Maksai ni wako, hatuwahitaji.

Usifike tena ofisini bila kuitwa. Barua zisizohusu kodi hazitajibiwa.

Nachiappan, wakala


Devakottai, 14 Julai 1931

Baba Valli,

Harusi imepita. Ningejua nianzie wapi! Wiki mbili kabla, bibi mkubwa alikuja kule nyuma nilipokuwa na masufuria. Akaniambia, "Sigappi, nani amekuweka huku?" Kana kwamba si yeye! Akanipeleka mwenyewe kwa mkono mpaka chumba cha wanawake, akanivalisha sari ya hariri rangi ya biringani, ukingo wa dhahabu mpana kama kiganja changu. Siku ya harusi nilikaa mstari wa pili. Mstari wa pili, Baba Valli! Mke wa wakala mwingine wa tajiri, yule wa Penang, alikaa wa nne, na alikuwa ananitazama mpaka shingo ikamuuma.

Tajiri alisema mbele ya wageni kwamba mume wangu amemletea zawadi ya harusi isiyovunjika wala kuoza. Watu waliniuliza ni nini. Sikujua. Nilitabasamu tu. Ni nini?

Au usiniambie. Maadamu imewapendeza.

Nimewaambia watu utafika kabla ya sikukuu ya Pongal, mwezi wa kwanza. Mama yako ameanza kupaka nyumba chokaa, nami nimempa fundi seremala kazi ya mlango mpya, atalipwa ukija. Usimwonee mtu huruma tena, nakuomba. Nimeona inavyolipa.

Sigappi


Pyapon, 27 Novemba 1931

Tajiri wangu,

Nina habari mbaya, naomba uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Tangu Juni, Tha Dun alilima kama mpangaji bila neno. Alipanda, akapalilia, akalitazama tuta. Nilipopita kwa mashua alikuwa ananiona na kuendelea na kazi yake. Niliona amekubali. Mpunga ulistawi kuliko wa mtu yeyote upande ule, ulikuwa umebeba na kuinama, bado wiki nne tu kuvunwa.

Juzi, siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita siku zote, saa tano ya mchana, alichukua jembe akalikata tuta mahali patatu. Hakujificha. Watu waliomwona walidhani anatengeneza. Maji ya bahari yaliingia mpaka kifuani, yakakaa, na yako huko mpaka leo. Mpunga wote umeharibika. Mashamba mawili ya majirani nayo yamezama, wale wawili niliokuandikia habari zao; nao walikuwa bado hawajatia sahihi.

Alikuwa amekaa juu ya kipande cha tuta kilichobaki, akila wali wake wa mchana. Polisi walipomkamata aliomba amalize kula. Nilikuwepo. Nilimwuliza kwa nini ameharibu jasho la baba yake. Akanijibu kwa Kiburma chepesi kabisa, kama anavyonisemesha siku zote ili nielewe: "Nimewarudishia kaa matope yao."

Wenye ujuzi wanasema chumvi itakaa kwenye udongo miaka minne au mitano hata tukilijenga tuta upya, na kulijenga ni gharama kubwa. Hakimu atamfunga. Nimefanya kila lililowezekana. Nakukumbusha kwa unyenyekevu kwamba muhula wangu unakwisha mwezi ujao, na nimekwishaweka nafasi kwenye meli ya tarehe 2 Januari.

Mtumishi wako,
Nachiappan


Devakottai, 16 Desemba 1931

Nachiappan,

Nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na sikukasirika. Hasira ni gharama.

Mwezi wa nne uliniandikia, kwa mwandiko wako mzuri, kwamba ardhi ile ni malipo kamili na kwamba nimepata faida. Nimeitafuta faida hiyo. Tha Dun hanidai wala simdai, wewe mwenyewe ulimfutia deni kwa hati iliyosajiliwa. Ardhi ni chumvi. Basi elfu moja na mia tano zangu ziko wapi? Nimetafuta nani aliyezishika mwisho, nikakuona wewe. Nimeziandika juu yako, pamoja na zile mia nane. Usiniambie nilikuagiza. Nilikuagiza ardhi, sikukuagiza bahari.

Kuhusu riba: uliomba niandike kwenye karatasi kwamba deni lako litarudi kwenye kiwango cha zamani. Sikuandika. Litakuwa mbili kwa mia kama la wengine wote, na benki ikinibana tena, litapanda.

Rudisha tiketi ya meli, watakukata kidogo tu. Utabaki huko muhula mwingine wa miaka mitatu, bila likizo, na mshahara wako utalipa riba. Nimehesabu: ukiishi kwa kujinyima, utaifikia riba. Shina la deni, zile elfu mbili na mia tatu, tutalizungumza baadaye.

Majirani wale wawili waliopoteza mavuno wananidai nini? Hawana hati. Ila wao nao ni wadaiwa wetu, na mwaka huu hawatalipa. Chukua ardhi zao.

Binti yangu ana mimba. Tumefurahi sana.

Vairavan Chettiar


Devakottai, 5 Januari 1932

Baba Valli,

Nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wote.

Sari wameichukua. Bibi mkubwa alimtuma mtumishi na kapu. Nikamwambia, "Nilipewa." Akasema, "Bibi anasema uliazimwa." Seremala amekuja kuung'oa mlango wake, kwa sasa tumepachika mkeka. Nimerudi kule nyuma. Mke wa wakala wa Penang alipita jana jikoni makusudi, hakuwa na shida ya kitu chochote kule, akanisalimia kwa sauti kubwa.

Valli ananiuliza baba ni nani. Si kwamba anauliza yuko wapi. Anauliza ni nani. Nimeshindwa nimwambie nini, kwa sababu sasa nimekwisha kusikia ile zawadi ya harusi ilikuwa ni nini. Tajiri anaisimulia barazani kwake kama kichekesho, namna ulivyomsomea yule mtu hati. Anasimulia vizuri, anaigiza mpaka mkono wako.

Mimi nilikwambia usimwonee mtu huruma. Nakumbuka niliandika hivyo. Kwa hiyo sina la kukulaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Usiniandikie mpaka uwe na la kuandika.

Sigappi


Kijijini, 18 Februari 1932

Kwa wakala Nachiappan.

Mimi ni Ma Hnin, mke wa Tha Dun. Sitakuamkia.

Mume wangu amefungwa miaka miwili na nusu. Nimemwona mara moja. Wamemnyoa, masikio yake yamekuwa makubwa. Hakuuliza habari zako, aliuliza habari za maksai. Nimemdanganya kwamba wapo. Majirani wawili ambao aliwazamishia mpunga hawanisemeshi, na mmoja alimrushia dada yangu matope. Wana haki. Nilimwambia Tha Dun hivyo hivyo gerezani. Akasema alijua, aliwafikiria, akakata tuta hata hivyo. Nililia kuliko siku ya hukumu, maana mtu niliyeolewa naye asingeweza kusema neno lile.

Nakuandikia kwa shughuli. Sehemu ya chini ya shamba, kama ekari kumi na tano, mpunga hautaota tena, lakini kwenye matope ya chumvi huota ule mnazi mfupi ambao majani yake tunaezekea nyumba. Nataka kuikodi. Wewe huna mtu mwingine wa kuikodi, nimeulizia. Majani yatauzika, nyumba zinavuja hata mwaka wa shida. Taja kodi. Hati iandikwe Kiburma, na mtawa ataisoma mbele yako, neno kwa neno, na wewe ukiwa umesimama.

Mpishi wako hununua bamia kwangu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba deni letu limehamia kwako, na kwamba umerudisha tiketi ya meli, na kwamba utakaa hapa miaka mitatu mingine na huenda zaidi. Alinieleza kwa masikitiko, anakupenda. Mimi nilifurahi. Nilifurahi sana, nilicheka pale pale kati ya matuta ya bamia mpaka dada yangu akatoka nje kuona nimepatwa na nini. Sikujua kwamba bado naweza kucheka namna ile.

Kwa hiyo usiogope kwamba nitakukimbia na kodi. Sitaituma kwa mtu. Nitaileta mwenyewe, kila mwezi, tarehe mosi, asubuhi, na nitakaa barazani mpaka utoke uipokee mkononi. Sitakutukana, sitakuuliza kitu. Nataka tu uwe unaniona.

Ma Hnin